MATUNZO YA REJETA KWA PIKAPU KONGWE ZINAZOKWENDA DODOMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwa pikapu kongwe kwenda Dodoma wanakumbushwa kukagua mfumo wa kupoza injini kabla ya kuondoka. Gari ambayo haijapata kuchemsha kati ya Mjini na Mkokotoni inaweza kuchemsha kabla ya kufika Gairo. Mara nyingi ubovu huo haukuzuka njiani. Ulikuwemo tangu nyumbani, ila haukupata kuonekana.

Kisiwa cha Unguja hakina kilima kinachofikia mita 150. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Safari kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, na baada ya Dumila gari hupanda milima kuelekea Gairo ikiwa na mzigo. Aidha, katika mwinuko wa Dodoma maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, badala ya 100. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni kifuniko chake, ambacho huyabana na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi zinazokaribia 20. Kifuniko ambacho mpira wake umechakaa kibadilishwe kwa kingine chenye namba ile ile ya mgandamizo.

Kutambua ubovu

Kabla ya kununua kifaa chochote, dereva aangalie gari inachemsha wakati gani.

1. Ikichemsha inaposimama au inapokwenda polepole, na ikapoa inapokimbia, achunguze feni na mkanda wake. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba ulegee kiasi cha sentimita 1 tu.

2. Ikichemsha inapopanda mlima au inapokimbia, huenda rejeta imeziba. Ndani huziba kwa kutu na chumvi. Nje huziba kwa vumbi na mbegu za nyasi. Injini ikishazimwa na rejeta kupungua moto, sehemu iliyo baridi kuliko nyingine ndiyo iliyoziba.

3. Ikichemsha mara tu baada ya kuwashwa, thamostati huenda imekwama. Itolewe na itumbukizwe katika sufuria ya maji yanayopashwa moto. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Isiyofunguka hata maji yanapochemka haifai.

4. Maji yakipungua bila ya kuonekana yanapovujia, dereva atazame mafuta ya injini. Mafuta yenye rangi ya maziwa, moshi mweupe usiokatika, au mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta ni dalili za gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gari hiyo isiendelee na safari.

Matengenezo

Wapo mafundi wanaoondoa thamostati moja kwa moja ili gari "ipoe". Jambo hili halishauriwi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Na katika baadhi ya injini, maji hupita njia ya mkato bila ya kuingia katika rejeta, na joto likazidi.

Rejeta isafishwe kwa maji yanayopitishwa kinyume na mwendo wake wa kawaida, na nyasi zisukumwe kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mipira iliyovimba au kupasuka ibadilishwe. Pampu inayodondosha maji kwenye mhimili wake ibadilishwe pia.

Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, nayo huacha magamba ndani ya rejeta. Ni vyema kuchukua dumu la maji ya mvua yaliyokingwa safi, pamoja na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu.

Ikichemka njiani

Mshale wa joto ukifika kwenye alama nyekundu, dereva asimame na azime injini. Asifungue kifuniko kabla ya nusu saa kupita, kwani maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso na mikono. Injini ikishapoa, akifunike kwa kitambaa kinene, akilegeze kidogo kidogo, kisha atie maji taratibu. Maji baridi yakimiminwa ghafla katika injini yenye moto, silinda hedi hupasuka.

Wakuu wa misafara nao wanaombwa wasimhimize dereva aendelee huku mshale ukipanda. Nusu saa ya kusubiri kivulini ni hasara ndogo. Injini iliyokwama kwa joto huigharimu ofisi gari yenyewe, na huwaacha abiria barabarani mbali na msaada.