Kobe Nyota na Tamaa ya Wenye Kumfuga

Katika nyika kavu za Gujarat na Rajasthan, na tena kusini mwa Bara Hindi katika majimbo ya Andhra Pradesh, Karnataka na Tamil Nadu, na vilevile katika Sindh ya Pakistan na kisiwa cha Sri Lanka, huishi kobe mmoja ambaye, lau angalikuwa na gamba la rangi ya udongo mtupu, hapana mtu ambaye angalimtaabisha. Walakini Mola amempa gamba jeusi, au la kahawia iliyokoza, ambalo kila kipande chake kimeinuka katikati. Na juu ya mwinuko huo pana doa la manjano, na kutoka katika doa hilo hutawanyika mistari myembamba ya rangi iyo hiyo mpaka ukingoni, ikakutana na mistari ya kipande jirani, hata amtazamaye kutoka juu huona nyota zimeenea mgongo mzima. Tumboni nako hali ni kadhalika. Jike ndiye mkubwa, hupata sentimita 25 au zaidi. Dume aghalabu hapiti 20. Wenye ilimu ya viumbe walikwisha kumwandika tangu mwaka 1795, na hata leo katika jina lake la kitaalamu lipo neno la Kilatini lenye maana ya uzuri.

Atazamaye nakshi hiyo juu ya sakafu nyeupe ya sebuleni hudhani kwamba imewekwa kwa ajili ya macho ya wanadamu. Hasha. Kobe huyu akiwa kwao, katika majani makavu ambamo mwanga wa jua hupenya kwa vipande vipande, mistari ile ya manjano huvunja umbo lake, hata mpita njia akamruka asimwone. Tena mna jambo jingine katika gamba hilo. Mwaka 2006 mabwana wawili wa Hungaria, Gábor Domokos na Péter Várkonyi, walitengeneza umbo moja gumu ambalo, uliwekavyo vyovyote vile, hujigeuza lenyewe likarudi kusimama upande mmoja tu, bila ya kutiwa uzito wowote ndani. Kisha wakaenda kupima magamba ya kobe wa aina nyingi, wakaona kwamba gamba la kobe nyota linakaribia mno umbo lile. Mnyama ambaye akipinduliwa chali anaweza kuachwa juani hadi afe amepewa mgongo wenye kumsaidia kujigeuza. Nami husema kwamba hilo ni la ajabu kuliko nyota zake zote, ingawa sijasikia kwamba yuko mtu aliyewahi kumnunua kwa sababu hiyo.

Huko India kwenyewe mapenzi ya kobe yana mizizi ya dini. Wahindu husadiki kwamba Vishnu alipata kudhihiri katika sura ya kobe, naye katika sura hiyo huitwa Kurma. Na katika hekalu la Sri Kurmam, huko Andhra Pradesh, kobe nyota hufugwa uani mwa hekalu. Mbali ya hayo wako watu wengi waaminio kwamba kobe nyumbani huleta baraka na mali, wakamweka chini ya kitanda au kando ya duka, ilhali sheria ya nchi hiyo ya kuhifadhi wanyama wa porini, ya mwaka 1972, imekataza kumkamata, kumuuza na kumweka. Kwa hiyo mtu wa Chennai amfugaye kobe huyu kwa kutaka bahati anavunja sheria ya nchi yake, na aghalabu hajui.

Tamaa ya wageni, hata hivyo, ndiyo iliyofanya balaa kuwa biashara. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Neil D'Cruze walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji vya mpakani mwa Andhra Pradesh na Karnataka, wakakadiria kwamba katika kituo kimoja tu cha biashara hiyo kobe wasiopungua 55,000 huchukuliwa porini kwa mwaka, na wengi wao ni watoto. Aokotaye ni maskini wa kijijini, ambaye hupewa senti chache. Kisha mzigo hupita mkono hadi mkono mpaka ufike uwanja wa ndege, na kutoka huko ukaelekea Bangkok au Kuala Lumpur, na kutoka huko pote penye watu wa kununua. Maafisa wa forodha wamezoea kuwakuta ndani ya masanduku ya nguo, kila mmoja amezongwa kitambaa au selotepu, miguu imebanwa ndani ya gamba ili asitambae wala asikwaruze. Kobe ni hayawani mstahimilivu, aweza kukaa siku nyingi pasi na chakula wala maji, na ustahimilivu huo ndio unaowafaa wachuuzi wa magendo, kwa maana ndege angalikufa njiani, na nyani angalipiga kelele.

Wengine hudhani kwamba kobe akishakamatwa na serikali mambo yamekwisha, kwani atarudishwa kwao. Mwezi wa Novemba 2018 kobe nyota 51 walirudishwa kwa ndege kutoka Singapore hadi India. Lakini safari kama hizo ni chache, na wapandao ndege hizo ni wachache mno wakilinganishwa na wanaochukuliwa. Taabu kubwa zaidi ni hii, kwamba kobe wa Sri Lanka, wa kusini mwa Bara Hindi na wa kaskazini-magharibi si nasaba moja kabisa. Na wakishachanganywa katika sanduku moja huwezi kujua kwa macho yupi ametoka wapi. Wanasayansi wa Hyderabad walilazimika kuchunguza damu na nasaba za kobe wengine waliorejeshwa kutoka Singapore kabla ya hao ili wajue asili yao, wakatoa maandishi yao mwaka 2006. Kumfungulia kobe popote palipo na majani ni kuvuruga nasaba, na pengine ni kupeleka maradhi ya sokoni kwa wenziwe walio wazima.

Ndugu yake wa Myanmar, ambaye nyota zake ni kubwa zaidi na za wazi zaidi, yalimfika mabaya kuliko hayo. Mwanzoni mwa karne hii alikuwa karibu kutoweka kabisa porini katika nchi kavu za katikati ya Myanmar. Aliokolewa na kuzalishwa: kobe wasiofika 200, wengi wao walionyang'anywa wachuuzi, walitunzwa katika mazizi ya serikali na ya mashirika ya uhifadhi, na kufikia mwaka 2017 walikuwa wamezidi 14,000, wengine wakarudishwa maporini. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hupenda kuitaja habari hii kana kwamba ni sifa yao, nami sioni kwamba ni haki yao kuitumia hivyo, maadam waliozaliwa katika mazizi yale walikusudiwa pori, wala hawakukusudiwa sebule ya mtu. Yenye kuhakikika ni moja tu, kwamba kobe hawa wakitunzwa vyema huzaa. Na ikiwa huzaa, basi amtakaye hana udhuru wa kununua aliyeibwa.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ulimweka kobe nyota wa India katika Kiambatisho cha Pili, ambacho huruhusu biashara kwa vibali. Katika mkutano wa Geneva wa Agosti 2019 alipandishwa Kiambatisho cha Kwanza, na hapo biashara ya wale waliochukuliwa porini ikafungwa. Katika mkutano uo huo alipandishwa pia kobe wetu, yule bapa akaaye katika nyufa za majabali ya Tanzania na Kenya, ambaye gamba lake ni laini na jembamba hata humwezesha kujipenyeza mahali ambapo mkono wa mtu hauingii. Huyu aghalabu hutaga yai moja kwa wakati mmoja. Basi mtu afikiri mwenyewe ni miaka mingapi itapita kabla ya jabali lililokombwa na waokotaji kupata wakazi wapya. Kwa hiyo msomaji wa Dodoma au wa Kitui asiione habari hii kuwa ni ya Wahindi peke yao. Tena ajue kwamba kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 mnyama wa porini, awe hai au mfu, akikutwa mikononi mwa mtu asiye na kibali ni nyara za serikali. Na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2013, isiyo na upole.

Ama kwa msomaji akaaye ng'ambo, ambako kuna wafugaji wenye idhini, njia ipo, ila ni ndefu. Anunue kobe aliyezaliwa katika zizi, kwa mfugaji ambaye yu tayari kumwonyesha wazazi wa mtoto huyo na mahali mayai yalipoatamishwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji hana budi kuwa na cheti kinachomhusu mnyama yule yule, na aghalabu mnyama hutiwa chipu chini ya ngozi ili cheti kisihamishwe kwa mwingine. Muuzaji asemaye kwamba karatasi zitafuata baadaye, au ambaye bei yake ni nusu ya bei ya wenzake, aachwe na biashara yake. Gamba nalo hutoa ushahidi: kobe mkubwa mwenye mikwaruzo ya zamani, ambaye ukingo wa gamba umemeguka na kupona, na ambaye kupe wamejificha kwenye mikunjo ya miguu, hakulelewa katika zizi la mtu, hata akiletwa na vyeti kumi.

Kumlea si kazi ya mtoto. Kobe huyu halali usingizi wa baridi kama kobe wa Ulaya. Anataka joto mwaka mzima, mahali pake pa kuota jua pakifikia nyuzi 32 au 35, na usiku pasishuke chini ya 20. Penye baridi na unyevu pamoja huugua mapafu: utaona puani povu jepesi, shingo imenyooshwa, kinywa wazi, na chakula kimekataliwa, hapo usingoje kesho, mpeleke kwa tabibu wa wanyama ajuaye kobe, nao si wengi. Ndani ya nyumba hapana budi taa maalumu itoayo mionzi ya UVB kama ya jua, kwa maana pasipo mionzi hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu, na gamba hulainika. Chakula chake ni nyasi na magugu, majani mapana na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Matunda kwa nadra, na nyama au chakula cha mbwa kamwe asipewe, ijapokuwa atavila kwa furaha. Mfupa wa dome, ule mweupe uokotwao pwani, ukiwekwa pembeni atautafuna mwenyewe kwa kadiri ya haja. Watoto huwekwa mara kwa mara katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, wanywe na kujisafisha. Wala asichanganywe na kobe wa aina nyingine, kwani ugonjwa ambao mmoja huuchukua bila kuumwa huweza kumuua mwenziwe. Amshikaye anawe mikono kwa sabuni, hasa mtoto mdogo. Kobe huchukua vijidudu vya salmonela bila dalili yoyote, na kwa sababu hiyo Marekani ilikataza tangu mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi nne.

Rai yangu, kwa kuwa niliulizwa na wasomaji zaidi ya mmoja, ni kwamba wengi wamtakao kobe nyota wangetosheka na picha yake nzuri ukutani. Ambaye hakutosheka na ajenge zizi kwanza, alikalie miezi ya baridi pasi na mnyama, aone gharama ya umeme, kisha ndipo amtafute. Tena akumbuke umri. Kobe aliyetunzwa vyema huishi miongo kadhaa, hata mtu amnunuaye akiwa na miaka hamsini anapaswa kumwandika katika wasia, akataja ni nani katika aila yake atakayempokea. Na cheti cha kobe kiwekwe pamoja na wasia huo, kwa sababu mrithi asiye na cheti, mbele ya afisa wa forodha, hana tofauti na mchuuzi.