Pesa Zimeenda, Mali Haijafika: Kikundi Kifanye Nini?

Mvua imekawia na ng'ombe wameanza kuonyesha mbavu. Kikundi kimekaa, kimekubaliana kununua nyasi. Kuna mtu wa Kitengela anasema anazo, tena atazileta mpaka kwenye boma. Mweka hazina anatuma pesa kwa M-Pesa. Ijumaa lori halionekani. Jumatatu mwenye nyasi anasema lori limeharibika. Wiki inayofuata simu inajibu kwamba mteja hapatikani.

Leo ni nyasi. Kesho ni vifaranga, tangi la maji, mabati au mbuzi wa maziwa. Njia ni ile ile: pesa zimeenda, mali haijafika.

Na hasara si ya pesa peke yake. Katika mkutano unaofuata watu wanaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho lingine. Mmoja anauliza kama hizo pesa zilitumwa kweli. Mwingine anasema hatachanga tena. Kikundi kilichojengwa kwa miaka mingi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata si mwanachama. Kwa hiyo kazi ya kudai pesa ni kazi pia ya kulinda kikundi. Ifanyeni mapema, kwa utaratibu, na kwa maandishi.

DENI AU ULAGHAI?

Watu wengi hukimbilia polisi kwanza. Polisi akisikiliza anasema, "Hii ni kesi ya madai, nendeni mahakamani." Wanarudi nyumbani wakinung'unika kwamba amehongwa. Mara nyingine polisi anasema kweli tu.

Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kifungu cha 312 na 313, inasema ni kosa kupata mali ya mtu kwa njia ya udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Lakini uongo wenyewe lazima uwe juu ya jambo lililokwisha kuwa au lililopo wakati ule. Mtu akisema, "Hizi nyasi zilizo ghalani ni zangu," na kumbe ni za jirani, huo ni udanganyifu. Akitumia jina la uongo au risiti ya duka ambalo halipo, pia mnayo sababu ya kwenda kituoni. Andikisheni katika kitabu cha matukio na mpewe namba ya OB.

Lakini akisema, "Nitaleta Ijumaa," na Ijumaa asilete, hiyo ni ahadi iliyovunjwa. Ni deni. Polisi hana kazi ya kukusanya madeni ya watu. Na hata pale ambapo kuna kosa la jinai, kesi ya polisi ni ya kumwadhibu mtu. Kurudishiwa pesa zenu ni safari nyingine, na ndiyo tunayoieleza hapa.

KUSANYENI KARATASI ZOTE

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kumpigia mtu kelele, katibu atafute bahasha moja na aweke ndani:

1. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la aliyepokea, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Msiufute. Kama umefutika, mwenye laini aombe taarifa ya akaunti yake.
2. Ujumbe wote mlioandikiana na muuzaji, hata ule wa visingizio. Akiandika "nipeni wiki moja nitarudisha", amekiri deni kwa mkono wake mwenyewe.
3. Risiti au karatasi yoyote aliyotia sahihi.
4. Muhtasari wa mkutano uliokubali kununua.
5. Majina ya waliokuwepo mkipatana bei.

Na kama hamkuandikiana kitu? Msikate tamaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inataka maandishi kwa mauzo ya shilingi 200 na zaidi, lakini inasema pia kwamba mnunuzi akishatoa malipo ya kwanza, au akishapokea sehemu ya mali, mapatano hayo yanaweza kudaiwa mahakamani hata bila maandishi. Ule ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi wa malipo hayo.

Jambo jingine: msijaribu kuirudisha pesa kwa kuiambia kampuni ya simu kwamba mlikosea namba. Huduma hiyo ni ya aliyekosea kweli. Ninyi hamkukosea namba, na kusema uongo kutaharibu kesi nzuri.

PIGENI HESABU YA HAKI

Tuchukue mfano. Kikundi kilipatana beli 200 za nyasi kwa shilingi 250 kila moja, jumla 50,000. Kilitanguliza 40,000. Nyasi hazikuja. Kwa kuwa ng'ombe hawawezi kungoja, kikundi kilinunua beli 200 kwingine, na bei ya soko siku hiyo ilikuwa 350, jumla 70,000.

Kikundi kinadai nini? Kwanza, 40,000 zilizotangulizwa. Pili, tofauti ya bei, yaani shilingi 100 kwa kila beli, ambayo ni 20,000. Jumla ni 60,000. Sheria inamruhusu mnunuzi kudai tofauti hiyo kwa sababu muuzaji ndiye aliyevunja mapatano. Lakini lazima muwe na risiti ya nyasi za pili, na bei yake iwe ya kawaida sokoni.

Msiongeze chumvi. Kudai laki mbili kwa hasira kutafanya hata zile 60,000 za haki zitiliwe shaka.

BARUA YA MADAI

Sasa mwandikieni. Barua iwe fupi, bila matusi wala vitisho. Mnaweza kufuata mfano huu:

"Kwako Bwana ______. Tarehe ______ tulipatana utuletee beli 200 za nyasi kwa shilingi 50,000. Tarehe ______ tulikutumia shilingi 40,000 kwa M-Pesa, namba ya muamala ______. Ulisema utaleta tarehe ______. Hadi leo hatujapokea nyasi wala pesa. Tulilazimika kununua kwingine kwa bei ya juu, tukapata hasara ya shilingi 20,000 zaidi. Tunakuomba utulipe shilingi 60,000 kwa muda wa siku 14 kutoka leo. Usipolipa tutapeleka madai yetu mahakamani bila kukujulisha tena. Sisi viongozi wa kikundi, ______."

Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi. Toeni nakala mbili. Watu wawili wampelekee kwa mkono, naye atie sahihi kwenye nakala yenu. Akikataa, hao wawili waandike siku na saa waliyompa. Mtumieni pia picha ya barua kwa simu.

Barua peke yake huweza kumwamsha mtu. Alizoea kelele za simu, sasa anaona karatasi yenye tarehe. Asipoamka, mwamuzi atakapouliza kama mlimdai kwanza, mtakuwa na jibu.

CHIFU NA WAZEE

Siku 14 zikiendelea, si vibaya kupitia kwa chifu au kwa wazee. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi, mradi zisivunje haki za mtu. Katika Kajiado wengi wanajua nguvu ya wazee waliokaa chini ya mti. Muuzaji asiyejali barua anaweza kumwogopa mzee anayemfahamu baba yake.

Lakini jueni mipaka. Chifu anaweza kuwaita na kuwapatanisha. Hawezi kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Na jambo likiamuliwa, liandikwe hapo hapo: ni kiasi gani, kitalipwa siku gani, kwa namba gani ya simu. Pande zote mbili na mashahidi watie sahihi. Mapatano ya mdomo tu yatawarudisha pale mlipoanzia.

Akitoa kitu kingine badala ya pesa, kama mahindi au mbuzi, viongozi wasikubali peke yao. Ulizeni mkutano kwanza.

Kumbukeni pia kwamba Kitengela iko mpakani. Ukivuka kidogo tu uko Athi River, kaunti ya Machakos. Hakikisheni muuzaji anakaa upande gani, maana chifu wake atakuwa mwingine, na huenda hata mahakama.

MAHAKAMA YA MADAI MADOGO

Zamani mtu akisikia mahakama alifikiria wakili, gharama, na kesi ya miaka mitano. Kwa madai kama haya mambo yamebadilika. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, pamoja na ya mali iliyouzwa na haikuletwa.

Yafaa mjue mambo haya:

- Si lazima kuwa na wakili. Mnaweza kujieleza wenyewe, na mnaweza kutumia Kiswahili.
- Kanuni ngumu za ushahidi hazifuatwi. Mwamuzi atatazama ujumbe wa simu, daftari na muhtasari wenu.
- Sheria inataka kesi iishe katika siku 60 tangu siku ya kuandikishwa.
- Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja ya sheria tu.

Kwa wengi wetu mahali pa kuanzia ni masjala ya mahakama, Kajiado mjini. Nendeni na ile bahasha, vitambulisho na cheti cha kikundi. Waambieni mnataka kuandikisha dai dogo. Watawaonyesha fomu na ada, na kama dai lenu ni la mahakama nyingine watawaelekeza. Siku hizi kesi huingizwa kwa kompyuta, kwa hiyo mwende na kijana anayejua kazi hiyo.

Kikundi cha kujisaidia si kampuni. Ni salama zaidi dai liandikwe kwa majina ya viongozi, kwa niaba ya kikundi. Kabla ya kwenda, fanyeni mkutano na muandike katika muhtasari kwamba wanachama wamewatuma fulani na fulani. Hapo mdaiwa hatapata nafasi ya kuuliza, "Nani aliwatuma?"

Baada ya hapo mdaiwa atapelekewa hati za mahakama. Akipewa vizuri halafu asijibu wala asifike, hukumu inaweza kutolewa bila yeye. Ndiyo sababu ni muhimu kujua anakoishi au anakofanyia biashara. Namba ya simu peke yake haitoshi.

Msilale. Deni la mapatano lina miaka 6 tu ya kudaiwa mahakamani. Lakini hata kabla ya hapo shahidi huhama na simu huibwa.

MKISHINDA

Hukumu si pesa mkononi. Mdaiwa anaweza kuomba kulipa kidogo kidogo, na mara nyingi hilo ni afadhali kuliko kumfukuza. Akikataa kabisa, mnaomba mahakama iruhusu mali yake ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama. Kwa hiyo kabla ya kutumia nauli nyingi jiulizeni: huyu mtu ana kitu? Ana duka, gari, mifugo, mshahara? Kama hana chochote, mapatano ya shilingi elfu mbili kila mwezi, yaliyoandikwa, yanaweza kufaa kuliko hukumu nzuri isiyolipwa.

MSIFANYE HAYA

Msiende kwake usiku na vijana. Msichukue ng'ombe wake wala pikipiki yake mkisema mnajilipa. Hapo mtageuka washtakiwa, naye mdaiwa atakuwa mlalamikaji. Msimpe mtu pesa "ya kuharakisha". Na msimhukumu mweka hazina wenu kabla ya kuona karatasi. Aonyeshe ujumbe wa M-Pesa mbele ya mkutano wote, usomwe kwa sauti, jambo hilo liishe.

SAFARI IJAYO

Watu wawili waende wakaione mali kwa macho kabla ya pesa kutoka. Andikeni mapatano, hata kwenye karatasi ya daftari, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Jina kwenye M-Pesa lilingane na hilo. Tangulizeni kidogo, malizieni mali ikishushwa na kuhesabiwa. Muuzaji wa kweli hatakasirika akiombwa hivyo. Anayesema "kama hamniamini basi" amewapa jibu bila kujua.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini mwenye kudai naye ana dawa yake: karatasi, tarehe na subira.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pesa zetu za mwisho kutumwa kwa muuzaji, ushahidi wake uko wapi leo?
2. Je, kuna mtu tunayemdai sasa? Barua yake itaandikwa na nani, lini?
3. Tukubaliane: kabla ya mali kufika, tutatanguliza sehemu gani ya bei, na isizidi ngapi?