Je, Wajua? Rubicon, Mto Mdogo Wenye Jina Kubwa

Je, wajua kwamba Rubicon, mto wenye sifa duniani kote, ni mto mdogo tu wa kaskazini mashariki mwa Italia, unaoshuka kutoka milima ya Apennini na kumwaga maji yake katika Bahari ya Adria, kaskazini mwa mji wa Rimini? Jina lake huhusishwa na neno la Kilatini lenye maana ya wekundu, ambao ni rangi ya maji yaliyochanganyika na udongo.

Enzi za Jamhuri ya Roma, mto huo ulitenganisha Italia yenyewe na jimbo la Gallia Cisalpina, yaani nchi ya Wagalia iliyokuwa kusini mwa Alpi, na gavana hakuruhusiwa kuuvuka akiwa na jeshi. Januari mwaka 49 KK, Julius Caesar, gavana wa jimbo hilo, aliyekuwa ameamriwa na Seneti, yaani baraza kuu la Roma, kuliacha jeshi lake, aliuvuka pamoja na lejioni ya 13, kikosi cha maelfu ya askari wa miguu, na hapo vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomfanya mtawala wa dola nzima.

Mwaka 42 KK jimbo hilo liliunganishwa na Italia, mpaka ukafutika, na baadaye wasomi wakabishana kwa karne nyingi iwapo Rubicon ya kale ni mto Uso, Fiumicino au Pisciatello, hadi mwaka 1933 serikali ya Italia chini ya Mussolini ilipoupa Fiumicino jina hilo rasmi.