Kipanya kimekufa kweli? mev, chombo kidogo cha Linux, kinaweza kutoa jibu

Fundi anasukuma kipanya upande wa kuume, alama kwenye kioo haitikisiki. Anachomoa waya, anaurudisha, anajaribu tundu lingine. Bado kimya. Mwenye kompyuta, anayesimama nyuma yake, amekwisha kutoa feza mfukoni ili anunue kipanya kingine. Lakini huenda kile kilicho mkononi ni kizima kabisa.

Kwa wale wanaotumia Linux ndani ya konsoli ya maandishi, yaani kioo cheusi kisicho na madirisha wala picha, kuna njia ya kujua ukweli mbele ya kununua. Ni programu inayoitwa mev. Kazi yake ni moja tu: kusikiliza kipanya na kuandika kwenye kioo kila jambo inalosikia.

Konsoli hiyo si mambo ya zamani tu. Serveri nyingi zinafanya kazi bila madirisha, na kompyuta ya zamani yenye memori ndogo inapumua vizuri zaidi ikiwa katika hali hiyo. Huko kipanya hakifanyi kazi chenyewe. Kinahitaji programu inayokaa nyuma, gpm, ambayo inapokea mwendo wa mkono na kumsaidia mtu kuchagua maneno kwa kitufe cha kushoto na kuyabandika mahali pengine.

gpm iliandikwa na Muitalia Alessandro Rubini, akianzia kwenye programu ya Andrew Haylett iliyoitwa selection. Rubini ndiye pia mwandishi wa kitabu kinachojulikana sana juu ya madereva ya Linux, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1998. Katika mfuko huohuo wa gpm ndimo mev inapatikana. Ilifuata mfano wa xev, chombo kinachofanya kazi kama hiyo upande wa madirisha. Haikuwa ya upimaji peke yake: kwa muda ilitumika pia kupeleka habari za kipanya kwa Emacs, programu ya kuandikia, mpaka Emacs yenyewe ilipojifunza kuongea na gpm moja kwa moja.

Ili kuelewa faida yake, inafaa kufuata safari ya kliki moja. Kidole kinabonya, kipanya kinatuma alama kupitia waya, kiini cha Linux kinaipokea, gpm inaisoma, kisha programu ya mtumiaji inaipata. Ni kama barua inayopita mikono mingi. Isipofika, si haki kumshitaki aliyeituma mbele ya kuuliza waliyoibeba njiani.

mev inasimama mwishoni mwa njia hiyo, mahali pa programu ya mtumiaji. Fundi anaandika neno mev, anabonya kitufe cha kushoto, na mstari unatokea. Unaonyesha namba ya tukio, mahali alama ilipo, kiasi ilichosogea, vitufe vilivyobonywa, na kama mtu alishika Shift, Ctrl ao Alt.

Namba za vitufe ni nyepesi kukumbuka: 4 ni kushoto, 2 ni katikati, 1 ni kuume. Mahali panahesabiwa kwa herufi. Kwenye kioo cha kawaida cha herufi 80 kwa mistari 25, pembe ya juu kushoto ni 1,1. Tukio nalo lina namba yake: kusogea ni 1, kuburuta 2, kubonya 4, kuachilia 8. Mtu akitaka kuona aina fulani tu ya matukio, anaichagua kwa kuongeza -e kwenye amri.

Mistari ikitokea vizuri, basi kipanya, waya, kiini na gpm vyote viko wazima. Kosa litafutwe ndani ya programu iliyogoma, na feza za kipanya kipya zirudi mfukoni.

Mistari isipotokea, fundi anarudi nyuma hatua kwa hatua. Kwanza anaangalia kama gpm inafanya kazi. Halafu, akiwa na ruhusa ya mkubwa wa mashini, anaandika cat /dev/input/mice na kusogeza kipanya. Herufi za ovyo zikimwagika, kiini kinasikia, kwa hiyo tatizo liko kwa gpm: pengine ilielekezwa mahali pasipofaa ao iliambiwa aina nyingine ya kipanya. Amri gpm -m /dev/input/mice -t imps2 inarekebisha hali hiyo kwenye mashini nyingi. Pasipotokea kitu hata huko, hapo ndipo kuna sababu ya kushuku waya, tundu ao kipanya chenyewe.

Kuna ugonjwa mwingine ambao mev inaufichua: kitufe kilichochakaa. Mtu anabonya mara moja, lakini kioo kinaandika kubonya mara mbili. Jicho linalotazama mafaili yakifunguka yenyewe linaweza kufikiri ni virusi. Mistari ya mev inasema ni chuma kilichochoka.

Chombo hiki hakitengenezi kitu chochote. Ni cha bure, chini ya leseni ya GPL, na kwenye Debian kinaingia pamoja na mfuko wa gpm. Katika miji yetu ya mashariki, ambako kompyuta nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumiwa kwingine, kujua ni sehemu gani imekufa na ni ipi bado nzima kunaweza kuokoa kipanya, ao hata mashini nzima, isitupwe bure.