Vumbi la metro ya Delhi linatokea getini

Ikifika Novemba, hewa ya jiji la Delhi huwa ya kijivu na huwasha macho. Mvua za monsuni zimekwisha, upepo umelala, baridi ya usiku inaukandamiza moshi chini, na wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga ili wawahi kupanda ngano. Kipimo cha ubora wa hewa, ambacho mwisho wake ni 500, kikivuka 400, mamlaka husimamisha shughuli nyingi za ujenzi. Mafundi wa maghorofa hufungasha zana na kwenda kukaa. Kwenye njia mpya za metro, hata hivyo, kreni zinaendelea kunyanyua na zege linaendelea kumwagwa, kwa sababu reli za mjini zimo kwenye orodha ya kazi zinazoruhusiwa, pamoja na hospitali na viwanja vya ndege. Sharti ni kwamba mradi udhibiti vumbi lake.

Ruhusa hiyo naiunga mkono. Metro ya Delhi, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2002, inawapa watu njia ya kuacha magari na pikipiki nyumbani, na kuichelewesha ni kurefusha foleni zilezile zinazochafua hewa. Lakini anayeachwa afanye kazi wakati wenzake wamesimamishwa anatakiwa afanye vizuri kuliko wote. Akizembea, gharama inawaangukia wakazi wa pembeni na vibarua walio nyuma ya mabati ya uzio.

Chukua udongo wa njia ya chini ya ardhi. Mashine inatoboa, udongo unapandishwa juu kupitia shimo na kupakiwa kwenye tipa. Kwa wakati huo bado ni mbichi, hautimki. Kasheshe inaanza tipa linapotoka nje: matope yaliyonasa kwenye meno ya matairi yanadondoka barabarani, jua linayakausha, magari yanayasaga hadi yawe unga, na kila basi likipita linaurusha upya. Watafiti wa taasisi ya teknolojia ya IIT Kanpur, katika ripoti yao ya Januari 2016 kuhusu hewa ya Delhi, walikadiria kwamba vumbi la barabarani ni asilimia 56 ya PM10, yaani chembe ndogo za hewani, zinazozalishwa jijini, na asilimia 38 ya PM2.5, zile ndogo zaidi zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Moshi wa magari ulikuwa asilimia 9 tu ya PM10. Si vumbi lote hilo linatoka kwenye ujenzi, lakini saiti isiyoosha magurudumu inaliongeza kila saa.

Ndiyo maana, katika vifaa vyote vya saiti, ninachokithamini zaidi ni karo la kuoshea magurudumu. Ni sehemu ya zege iliyochimbwa kidogo karibu na geti, yenye vyuma vilivyolazwa kama vipandio vya ngazi. Tipa linaingia polepole, vyuma vinayatikisa matairi, na mabomba ya pande zote mbili yanapiga maji kwa nguvu hadi chini ya bodi. Maji machafu yanakwenda kwenye tangi, tope linatuama, na maji yaliyochujika yanarudi kuosha gari linalofuata. Teknolojia yake ni rahisi, na inaharibiwa na mambo rahisi vilevile. Dereva anayelipwa kwa tripu hataki kusubiri. Mlinzi wa zamu ya usiku anamfungulia njia ya pembeni. Tangi likikaa wiki kadhaa bila kuzolewa, maji yanayorudi ni tope tupu, na tipa linatoka chafu kuliko lilivyoingia.

Kinachopigwa picha zaidi ni mizinga ya ukungu, yale mafeni makubwa yanayorusha matone madogo hewani. Kanuni za Delhi zinadai mzinga mmoja kwa saiti ya mita za mraba 5,000 hadi 10,000, na isiyopungua minne zikizidi 20,000. Mizinga hiyo ina kazi yake. Tone kubwa la bomba la kawaida linapoanguka, hewa hupinda kulizunguka na chembe ya vumbi hupita nayo. Tone likikaribiana na chembe kwa ukubwa, viwili hivyo hugongana na kuanguka pamoja. Kwa hiyo ukungu unafaa pale pale vumbi linapozaliwa: penye kubomoa, kupakia kifusi, kumwaga kokoto. Kuuelekeza angani siku nzima, wakati lami ya nje imejaa udongo mkavu, ni kupoteza maji katika jiji lenye uhaba wa maji. Hapo kinachohitajika ni gari la kufyonza vumbi barabarani, na kwa kazi ya kunyunyiza, maji taka yaliyosafishwa yanatosha.

Njia bora zaidi ni kutolizalisha vumbi kabisa. Vipande vya daraja la metro hutengenezwa kwenye yadi, husafirishwa usiku, kisha hupachikwa juu ya nguzo. Barabara inapumua, lakini yadi nayo ina majirani. Ripoti ile ya Kanpur iliipa mitambo ya kuchanganyia zege asilimia 10 ya PM10, zaidi ya moshi wa magari. Ghala la saruji lisilo na kichujio kizima linahamishia tu vumbi mtaa wa pili. Udongo nao unaweza kukwepa barabara: London, ilipojenga njia ya treni ya Elizabeth iliyofunguliwa Mei 2022, ilipeleka zaidi ya tani milioni 3 za udongo kwenye kisiwa cha Wallasea kwa treni na meli, na kuyapunguzia malori safari zisizo na idadi.

Anayevuta vumbi la ujenzi kwa karibu kuliko wote ni kibarua. Zege na mawe vina silika, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika inayovutwa kazini kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Moshi wa dizeli uliongezwa mwaka 2012. Anayekata zege kwa msumeno mkavu huku amejifunga kitambaa puani hana kinga yoyote. Maji lazima yaende kwenye makali ya msumeno yenyewe, naye apewe barakoa inayochuja kweli.

Dar es Salaam, ambayo imeishi na ujenzi wa reli ya kisasa (SGR) tangu 2017 na wa barabara za mabasi yaendayo haraka, inalijua vumbi hili. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, na miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Napendekeza tuanzie kwenye mkataba. Mara nyingi udhibiti wa vumbi humezwa ndani ya gharama za jumla, hivyo mkandarasi asiponyunyiza maji anaokoa pesa. Karo la magurudumu, gari la kufyonza, maturubai na mlinzi wa geti wa usiku viorodheshwe kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake, na kisichofanyika kisilipwe. Mhandisi mshauri anayeidhinisha malipo ya kila mwezi atalazimika kwanza kutoka nje ya geti na kuikagua lami.