Mpira mkubwa, kilomita chache: kontere ya kamyo inaweza kutudanganya



Kwa kawaida tunaongea hapa juu ya kahawa, kakao na mbegu. Leo tuongee juu ya kamyo inayobeba mazao yetu, sababu makuta mengi ya mkulima yanapotelea kati ya shamba na depo.

Katika koperative moja nilikopita, komite ilikuwa karibu kumfukuza shofere. Kaye ya safari ilionyesha kwamba kamyo imeanza kunywa mazuti mengi kuliko zamani kwa kila kilomita. Watu wakasema: "Anauza mazuti njiani." Shofere akaapa kwamba hakuuza hata litre moja. Tulipotazama vizuri, tukaona kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: mipira ya nyuma ilikuwa imebadilishwa, na ile mipya ilikuwa mikubwa kuliko ya kwanza.

Kontere inahesabu nini?

Wengi wanafikiri kontere inapima barabara. Hapana. Inahesabu mizunguko tu. Katika kamyo nyingi inapokea habari kutoka kwenye bwati ya vitesi, ambayo inazungusha magurudumu ya nyuma. Kiwanda kiliipanga kwa mpira wa kipimo fulani: mzunguko mmoja ni sawa na urefu fulani wa njia. Ukiweka mpira wa kipimo kingine, kontere haijui. Inaendelea na hesabu ya zamani.

Ni sawa na kupima shamba kwa hatua. Mzee mwenye miguu mirefu anavuka shamba kwa hatua 80. Mtoto wake anavuka shamba lile lile kwa hatua 110. Ukihesabu hatua za mzee ukidhani ni za mtoto, utasema shamba ni dogo. Shamba halikupungua, ni hatua iliyobadilika.

Tuchukue mfano

Kamyo ndogo nyingi za kwetu, kama Canter, zinatembea na mpira 7.50 R16. Kwa kutafuta nguvu, watu wengine wanaweka 8.25 R16. Wa kwanza una urefu wa karibu sentimita 80 kutoka chini hadi juu, wa pili karibu 85. Chini ya mzigo, mzunguko mmoja wa mpira mdogo unapeleka kamyo karibu mita 2,45. Wa mpira mkubwa karibu mita 2,60. Gawanya 2,60 kwa 2,45: unapata 1,06. Maana yake, kila mara kontere inaposema kilomita 100, kamyo imetembea 106.

Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Kwenda na kurudi ni 108, lakini kontere itaonyesha karibu 102. Kwa safari kumi, kamyo imetembea kilomita 1.080, na kaye inaandika 1.020 hivi. Tuseme koperative inatoa litre 25 kwa kilomita 100. Kwa kaye, shofere alipaswa kutumia litre 255. Kwa barabara, alihitaji 270. Litre 15 "zimepotea", na hakuna mwizi.

Mpira mdogo, au uliolika sana, unafanya kinyume. Kontere inaonyesha kilomita nyingi kuliko za kweli. Kama koperative inakodi kamyo na kulipa kwa kilomita, inalipa njia ambayo haikutembewa. Mpira uliolika milimita 10 tu unapunguza urefu wake kwa sentimita 2.

Hatari ya mwendo

Makuta siyo jambo pekee. Kwa mpira ule mkubwa, mshale ukiwa kwenye 60, kamyo inakimbia karibu 64. Hiyo inaonekana kidogo, lakini njia ya kusimama kwa freni inaongezeka kupita mwendo wenyewe: mwendo ukipanda 6 kwa mia, freni zinahitaji karibu 12 kwa mia zaidi ya njia. Katika miteremko ya Maboya na Kabasha, na tani za mzigo nyuma, hizo ni mita zinazoweza kuua mtu. Na wote tunajua sababu shofere anataka kufika mbele ya giza.

Ndiyo maana Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa juu ya magari inakataza mshale kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Viwanda vingi vinaacha mshale uzidishe kidogo. Mpira mkubwa unakula akiba hiyo. Tena, mpira mkubwa unapunguza nguvu ya kupanda mlima, na unaomba janti inayoufaa.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kununua, soma namba zilizoandikwa pembeni ya mpira wa zamani. Ukiweza, nunua kipimo kile kile.

2. Usichanganye vipimo viwili kwenye mipira miwili inayokaa pamoja nyuma. Mkubwa utabeba mzigo peke yake, utapata moto na kupasuka.

3. Kama kipimo kimebadilika, pimeni. Kamyo ikiwa na mzigo na upepo wa kutosha, pigeni alama ya chaki kwenye mpira wa nyuma na chini. Isukumeni polepole mizunguko mitano, pimeni njia kwa metere, gawanyeni kwa tano. Fanyeni hivyo kwa mpira wa zamani na mpya.

4. Gawanyeni kipimo cha mpya kwa cha zamani. Andikeni jibu kwenye jalada la kaye. Kila kilomita za kontere zizidishwe kwa namba hiyo kabla ya kuhesabu mazuti.

5. Hakikisheni kwa telefone yenye GPS. Inapima mwendo na njia hata fasi isiyo na rezo.

6. Shofere ajue namba hiyo, ili apunguze mwendo.

Katika koperative ile tulipima hivyo mbele ya komite yote. Hesabu ya mazuti ikarudi sawa, na shofere yule anaendesha hadi leo. Kabla ya kumshitaki mtu, tuangalie kwanza mpira.