Bi Tumbawe na Saruji Yake

"Mjomba, matumbawe ni mawe?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu. Wako wakubwa waliozeeka pwani bila kuliuliza. Jibu lake ni hili: jiwe ni nyumba, na mwenye nyumba ni mnyama. Ni mnyama laini, mwenye mdomo mmoja na vijimkono vinavyouzunguka. Wengi wao ni wadogo hata ukucha wa kidole gumba unawatosha. Wanaishi kwa maelfu, ukuta kwa ukuta, na kila mmoja anajenga chini yake mwenyewe. Anajenga, anapanda juu. Anajenga, anapanda juu.

Huyo ndiye Bi Tumbawe. Tumpishe aseme.

"Mimi nipo hapahapa kwenu," asema Bi Tumbawe. "Nipo Malindi, nipo Chumbe, nipo Mafia. Sina haraka. Sisi tunaojenga mabonge makubwa ya mviringo tunapanda kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Ukiona bonge linakufika kifuani, ujue lilianza kabla babu yako hajazaliwa. Kule Malindi wanasayansi walitoboa ndugu yangu mmoja, wakasoma tabaka za jiwe lake mwaka kwa mwaka. Wakakuta kumbukumbu ya miaka 194!"

"Miaka yote hiyo, Bi Tumbawe? Unajenga kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya bahari, mwanangu."

Najua, utasema maji hayajengi. Lakini ndani ya maji ya bahari mna vitu vingi vilivyoyeyuka, si chumvi peke yake. Viwili ndivyo anavyovitaka Bi Tumbawe. Kimoja ni kalsiamu, cha pili ni kaboneti. Vikishikana, vinakuwa chokaa, lile jiwe jeupe unaloliokota ufukweni.

Sasa mfikirie fundi mwashi anayejenga nyumba uani kwenu. Kalsiamu ni mchanga wake: lori limeumwaga, umejaa tele, hauishi. Kaboneti ni saruji yake: mifuko inahesabika. Na wewe unajua, mchanga bila saruji hausimamishi ukuta.

"Mjomba, na saruji ikiisha?"

Haiishi, mpwa wangu. Inachukuliwa. Yupo jirani mkopaji, jina lake Haidrojeni. Kila akiona mfuko wa saruji, anaukumbatia. Na siku hizi majirani wa namna hiyo wanazidi.

Wanatoka wapi? Wanatoka kwetu sisi. Tukichoma mafuta kwenye magari, tukichoma makaa ya mawe kwenye mitambo ya umeme, tukichoma misitu, tunatoa hewa ukaa. Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila chembe milioni za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420. Karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa inamezwa na bahari. Ikifika majini inaungana na maji, inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo ndiyo inayomwachia Haidrojeni atembee. Basi anatembea, anakutana na kaboneti, anaikumbatia.

"Kwa hiyo bahari imekuwa kali kama ndimu?"

Hapana! Nimefurahi umeuliza, maana hapo wengi hukosea. Kuna kipimo kinaitwa pH. Katikati yake ni 7. Ndimu iko chini sana, karibu na 2. Maji ya juu ya bahari yalikuwa karibu 8.2, leo ni karibu 8.1. Bado yako mbali na ukali wa ndimu. Ukiogelea hutahisi tofauti yoyote.

"Basi mbona ni kidogo tu, Mjomba?"

Kipimo hicho kina siri, mpwa wangu. Hatua ndogo kwenye namba ni hatua kubwa majini. Kushuka huko kutoka 8.2 hadi 8.1 maana yake Haidrojeni ameongezeka kwa karibu asilimia 30. Palipokuwa na majirani wakopaji 10, sasa wapo kama 13. Fundi ni yuleyule, mchanga ni uleule, ila saruji ya kushika mkononi imepungua.

Bi Tumbawe hakubali kirahisi. Msikilize. "Kati ya mwili wangu na jiwe langu kuna nafasi nyembamba sana. Humo ndimo ninamojengea. Haidrojeni akiingia, namsukuma nje. Aliyeshika saruji yangu, namdai anirudishie. Naweza! Lakini kudai kunachosha. Nguvu ninayotumia kudai siitumii kukua."

Nguvu hiyo anaipata wapi? Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo sana, nao humpikia sukari kwa mwanga wa jua. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hao humtoka, naye hupauka, akabaki na njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka hivyo, na mengi yakafa. Hilo ndilo linaloniuma: hewa ukaa ileile inayoleta joto na kumkosesha chakula ndiyo inayomwongezea kazi.

Na wapo wanaobomoa. Pono anatafuna jiwe, kombe wengine wanalitoboa. Hao si wabaya, mchanga mweupe wa pwani yetu kwa sehemu umetoka tumboni mwa pono. Lakini mwamba unabaki mwamba pale tu kujenga kunapozidi kubomoa. Kujenga kukizorota, mwamba unamomonyoka. Na mwamba huo ndio makao ya samaki, ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika kijijini.

"Mjomba, wamejuaje haya yote?"

Walijaribu. Huko Australia, kwenye kisiwa kiitwacho One Tree, wanasayansi walipunguza asidi ya maji yaliyopita juu ya mwamba, wakayafanya yafanane na ya zamani, kabla ya viwanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: matumbawe yalijenga zaidi kwa karibu asilimia 7. Baadaye wakafanya kinyume, wakaongeza hewa ukaa majini, kama inavyohofiwa itakuwa mwisho wa karne hii. Matokeo yakatoka mwaka 2018: ujenzi ulipungua kwa karibu theluthi moja.

Kupunguza moshi wa dunia ni kazi ya serikali na viwanda, na ukikua uwadai bila kuchoka. Kwa sasa lipo unaloliweza. Tumbawe lililovunjika lina kazi ya kuziba jeraha juu ya kazi ya kujenga. Kwa hiyo maji yakipwa, ukishuka na wenzako kutafuta kombe, pitia kwenye mchanga. Usikanyage matumbawe. Na mwenye ngalawa mwambie atie nanga mchangani.